Mlango wa Mbele wa Belsito

Hoteli Belsito, 5 Novemba 1950

Shangazi yangu Ersilia,

Nakubusu mikono yote miwili. Mwanangu Pia naye anakubusu, ingawa busu lake la leo lina jemu. Sisi wazima, isipokuwa jino linalomtoka huko nyuma linamliza tangu alfajiri, na mimi natembea naye begani huku natandika vitanda kwa mkono mmoja. Baba yake bado hajaandika kutoka Ubelgiji. Argia wetu wa jikoni anasema labda migodini hakuna kalamu. Nimemwambia asinichekeshe nikiwa nimebeba supu.

Tangu basi likuchukue kwenda huko mlimani nyumba imekuwa kubwa zaidi. Sijui ulikuwa unafanyaje wewe. Nikimaliza juu, chini kumechafuka. Lakini sijasahau tulivyokubaliana jikoni siku ile: nikiifikisha Belsito Pasaka ikiwa na wageni ndani na bila aibu yoyote, utaiandikisha kwa jina langu, na mimi na mwanangu hatutahamahama tena na magodoro yetu. Nayakumbuka hayo kila ninapopanda ngazi.

Wageni ni wale wale wa baridi. Namba tatu, Bi Fulvia Berté, bado anataka sahani mbili, yake na ya mwanawe aliyepotelea Urusi wakati wa vita. Namba nne, Bwana na Bibi Salvadè, bado hawasemezani. Jana mke aliniambia, na mumewe kiwiko chake kinamgusa pale pale: "Noemi, mwambie huyo muuza vifungo anisogezee chumvi." Mume akasema: "Mwambie huyo bibi chumvi inapandisha damu." Nikaisogeza mwenyewe.

Sasa nina jambo la kukuuliza. Ni Bwana Quaglia wa namba sita, yule fundi wa vinanda vya kanisani aliyekuja kwa wiki mbili vita vilipokwisha na hajaondoka mpaka leo. Miguu imemvimba hadi magotini. Ngazi zimemshinda. Daktari alimsikiliza moyo, akashuka, akanawa mikono kwenye sinki langu la jikoni, akasema: "Huyu majani mapya hatayaona." Akafuta mikono, akaenda zake. Bwana Quaglia hana mtu. Dada yake wa Trieste alishafariki. Kwa sasa nampelekea chakula juu kwenye sinia, na kitambaa chake cha mezani kimepitishwa ndani ya pete yake ya mti kama kawaida. Nifanye nini, Shangazi?

Jifunike vizuri huko.

Noemi wako


Hospitali ya Kifua, Monte Scuro, 16 Novemba

Mwanangu Noemi,

Barua yako ilifika ikinuka vitunguu, nikajua imetoka nyumbani. Mimi mzima. Asubuhi nakula mayai mawili, kisha wanatulaza barazani tumefungwa blanketi kama watoto wachanga, tunameza hewa. Daktari anasema nimenenepa. Kwa hiyo msinililie. Usimpe Pia jemu kabla ya chakula, na hilo jino msugulie kwa ukoko wa mkate.

Kuhusu namba sita, unajua la kufanya, unataka tu niliseme mimi. Haya, nalisema. Toa pete yake. Belsito haijawahi kumfukuza mgeni kwa mdomo na haitaanza leo. Marehemu Ivo wangu alizichonga zile pete moja moja kwa mti wa jozi, kila mgeni wa kudumu na jina lake, ili ajue ana mahali mezani kwetu. Mgeni akiletewa kitambaa kimekunjwa bila pete, ameshaelewa. Anafunga sanduku, anashukuru, anaondoka na heshima yake, na hakuna aliyepandisha sauti. Mjini kuna masista wanaopokea wazee. Watampokea.

Utaniona sina moyo. Nisikilize kwanza. Hoteli ndogo ikifiwa na mgeni, inakwenda naye. Watu wanakuja ziwani kwetu wakikimbia mambo hayo hayo. Unamkumbuka yule mama wa Genova, namba mbili? Tulimtoa kwa mlango wa jikoni, kwenye mkokoteni wa nguo chafu, mashuka juu, kahawa haijachemka. Wageni tukawaambia ameitwa kwao ghafla. Mvuvi mmoja alituona. Jumapili yake meza zilikuwa tupu, na zikakaa tupu hadi majira yaliyofuata. Hilo ndilo paa la mwanao unalolichezea, si langu. Mimi paa ninalo hapa.

Mbusu mtoto. Funga mabomba kwa magunia kabla barafu haijaja.

Shangazi yako,
Ersilia


Hoteli Belsito, 3 Desemba

Shangazi mpenzi,

Nakubusu mikono, na kunenepa kwako kumetufurahisha sana. Argia anasema ukirudi itabidi tufungue pindo la aproni yako.

Jino limetoka! Ukoko wa mkate umesaidia, au labda lilikuwa limechoka kunisumbua. Sasa anauma kila kitu. Amemuuma Bwana Salvadè goti, naye akasema ni mara ya kwanza mwaka huu mtu wa humu ndani kumgusa. Mkewe alicheka kwa bahati mbaya, kisha akajikoholesha.

Theluji imeanguka siku tatu, ziwa limekuwa la rangi ya risasi. Mabomba nimeyafunga magunia kama ulivyosema, lakini la bafu la juu liliganda hata hivyo, nikaliyeyusha kwa birika na taulo. Mikono yangu imepasuka. Argia ananipaka mafuta ya nguruwe, nanuka kama soseji. Bi Berté ameanza kumfumia mwanawe soksi za pili. Unga wa mahindi wa kupikia polenta tulioletewa ni mzuri, hauna mchanga. Paka amezaa kwenye kapu la taulo.

Pete zote nimezifuta na mafuta, zinang'aa pale ukutani kwenye misumari yao.

Naishia hapa, Pia ameingia na kiatu kimoja.

Noemi


Monte Scuro, 12 Desemba

Noemi,

Mzima. Theluji huku imefika madirishani.

Umeniandikia bomba, paka, unga na mafuta ya nguruwe. Namba sita hujaitaja popote. Mimi nimeendesha hoteli tangu wewe hujazaliwa, binti yangu. Najua mtu anapofagia kuuzunguka uchafu. Umeitoa pete au hujaitoa? Nijibu neno moja.

Sikukupa nyumba ili unifiche mambo ya nyumba.

Ersilia


Hoteli Belsito, 21 Desemba

Shangazi yangu,

Heri ya Noeli inayokuja. Tumeweka hori la Yesu kwenye dirisha la ngazi kama kila mwaka. Pia amemng'ata sikio yule punda wa sanamu. Nakubusu mikono. Usikasirike kabla hujafika mwisho.

Neno moja halitoshi, kwa hiyo nakupa yote. Niliitoa.

Siku barua yako ilipofika niliivua pete ya Bwana Quaglia, nikaitia mfukoni mwa aproni, nikakikunja kitambaa peke yake, nikapanda na sinia, Pia kiunoni. Supu ilikuwa ya maharage, anayoipenda. Alikaa kitandani na shali yake. Akakiangalia kitambaa. Akakigeuza upande wa pili, kama mtu anayetafuta pete labda imeteleza. Halafu akaweka mikono juu ya blanketi, akasema taratibu: "Bi Noemi, nisaidie sanduku langu, lipo chini ya kabati."

Nilimtolea. Shangazi, nilimtolea sanduku, na mikono hii. Akaanza kukunja soksi. Aliniambia: "Mwambie Bi Ersilia namshukuru kwa supu zote. Sikutaka kuwa mzigo wa nyumba." Kisha akataka kuvaa viatu aondoke siku ile ile, na miguu haikuingia. Alijaribu huu, akajaribu ule. Alilegeza kamba mpaka zikatoka kabisa. Akanitazama, akacheka kidogo, akasema: "Basi nitaenda na soksi, mradi theluji isiniseme kwa watu."

Pia akanyoosha mkono wake mdogo, akataka kumvalisha kiatu.

Nikatoa pete mfukoni, nikakipitisha kitambaa ndani yake, nikakiweka juu ya sinia. Nikamwambia: "Nilikuwa nimeipeleka kuipaka mafuta, Bwana Anselmo. Kula, supu inapoa." Alijua nadanganya. Alikula yote. Sanduku nimelirudisha chini ya kabati na viatu nimempa mume wa Argia.

Sitaitoa tena. Mimi shule nilikomea darasa la tano, siwezi kubishana na wewe kwa maneno mazuri. Najua ninachokichezea, kinalala hapa karibu yangu na kidole mdomoni. Lakini sitakwenda tena kumtolea mtu sanduku.

Nilikuuliza nifanye nini. Samahani kwa kukuuliza, maana nimefanya langu.

Usiku mwema wa Noeli, Shangazi. Nimekutumia soksi za sufu na mkate mtamu, vimefungwa kwenye gazeti.

Noemi


Hoteli Belsito, 14 Januari 1951

Shangazi Ersilia,

Nakubusu mikono. Hujajibu. Labda theluji imefunga barabara, labda umenifungia wewe. Soksi zilifika?

Pia mzima, anasema maneno matatu sasa, na moja ni "hapana". Argia anaumwa mgongo. Kutoka Ubelgiji hakuna kitu.

Bwana Anselmo Quaglia amekufa Alhamisi, wakati wa chakula cha mchana. Nilipanda kuchukua sinia. Kijiko kilikuwa kwenye bakuli, kitambaa kimerudishwa ndani ya pete, kama anavyofanya mtu aliyemaliza. Nikamfumba macho.

Argia alikuwa ameshajua nilivyoshuka. Alikwenda kuuvuta mkokoteni wa nguo chafu, akauleta chini ya ngazi ya nyuma, akaanza kutafuta mashuka. Nikamwambia: "Acha." Akasema: "Usiwe mjinga, binti. Wako mezani, hawajui kitu. Kufikia kesho alfajiri ameshatoka." Nikamwambia tena: "Acha, Argia."

Nikaenda chumba cha kulia na aproni yangu. Walikuwa wamefikia jibini. Nikasema: "Bwana Quaglia wa namba sita amekufa sasa hivi huko juu. Kesho mchana tunamtoa kwa mlango wa mbele. Anayetaka kumuaga, chumba kiko wazi."

Bi Berté akaweka kisu chini. "Nani amekuruhusu kulitamka neno hilo mezani, mbele ya mwanangu?" Alikuwa anakiangalia kile kiti kitupu.

"Hakuna aliyeniruhusu, Bi Fulvia."

"Shangazi yako asingethubutu."

"Kweli. Asingethubutu."

Alipanda juu, tukamsikia akifungua makabati. Asubuhi alishuka na masanduku yake, akavua pete mbili ukutani, yake na ya mwanawe, akazitia kwenye pochi. Mlangoni alimshika Pia kidevu akamwambia: "Na wewe baba yako akichelewa, usikubali wakuambie lolote." Sijui alikuwa ananilaani au anampa mtoto zawadi. Nimelifikiria tangu siku ile.

Mchana huo seremala alileta jeneza. Watu wa kubeba hawakutosha: seremala, mume wa Argia, na Bwana Salvadè ambaye mikono yake imezoea vifungo. Ngazi kubwa inapinda vibaya pale kwenye hori la Yesu, unajua. Wakakwama. Bwana Salvadè alikuwa chini, uzito wote kifuani, uso mwekundu. Ndipo mkewe akashuka mbio na slipa zake, akashika kona. "Tullio, inua upande wako! Siyo huo, Tullio, wa kushoto! Utavunja mgongo, mzee wewe." Naye akamjibu: "Nimeinua, Ines, nimeinua, wewe unasukuma!" Wakagombana hivyo hadi chini. Kisha wakasimama ukumbini wanahema, wakatazamana, kama watu waliokamatwa.

Ubawa wa pili wa mlango wa mbele haujafunguliwa kwa miaka, ulikuwa umevimba kwa unyevu. Niliupiga teke. Ulifunguka. Mwanga wa theluji uliingia ndani hadi kwenye misumari ya pete. Watu wa barabarani walisimama wakavua kofia. Argia alilia kwa sauti na kusema jambo moja kuhusu nyumba hii, ambalo siliandiki hapa.

Sasa unajua yote. Wamebaki wageni wawili. Wanasema watakaa.

Noemi


Monte Scuro, 25 Januari

Noemi,

Nilijua kabla ya barua yako. Fulvia Berté aliniandikia kurasa sita. Anasema umeigeuza Belsito nyumba ya maiti, na ana haki ya kusema hivyo.

Miaka yote niliyosimama kwenye ukumbi ule nikitabasamu na miguu inawaka moto, umeibomoa kwa sentensi moja wakati watu wanakula jibini. Ulitaka kuwa mwema. Wema ni rahisi katika nyumba iliyojengwa na mtu mwingine. Pasaka nitamwandikia wakili, na jina litakaloandikwa halitakuwa lako.

Mwambie Argia afunge mdomo wake. Mume wangu Ivo alifia hospitali, Novara. Kila mtu anajua.

Usinijibu.

E.


Hoteli Belsito, 4 Februari

Shangazi,

Hujataka jibu, kwa hiyo hili si jibu, ni blanketi. Nimeona mwandiko wako unavyoteremka kutoka kwenye mstari. Mtu aliyenenepa haandiki hivyo. Hili ni la sufu, la kitanda chako mwenyewe.

Pia mzima. Mimi mzima. Nyumba bado imesimama.

N.


Monte Scuro, 20 Februari

Mwanangu,

Blanketi nimelipata. Linanuka kwetu. Mwandiko huu utanisamehe, naandika nimelala, na kalamu nashikiwa na sista ninapochoka. Nimemwambia asisome. Anasoma.

Pia anasemaje siku hizi? Bado "hapana"? Ni neno zuri kwa mwanamke, asilisahau.

Mezani karibu yangu alikaa mshona kofia wa Como, Zaira Colnaghi. Mdomo wake ulikuwa mchafu kuliko wa mvuvi. Alinicheka ninavyokunja kitambaa. "Wee Ersilia," aliniambia, "hata ukifa utawakunjia sanda." Tulicheka hadi tukakohoa, na kukohoa huku si jambo la kucheka.

Jumanne nilishuka asubuhi, kiti chake hakipo. Siyo kwamba kilikuwa kitupu. Hakikuwepo, na vile vingine vilikuwa vimesogezwa ili pengo lisionekane. Niliitambua kazi ile mara moja. Ilikuwa kazi safi. Hata mimi nisingeifanya vizuri zaidi. Sista akatumiminia kahawa akasema leo kuna jua. Meza nzima ikasema ndiyo, kuna jua. Na mimi nilisema.

Baadaye nikamwuliza mfagiaji walimtolea wapi. Akanionyesha kwa kidevu. Kuna mlango nyuma ya chumba cha kufulia. Nje yake upo mkokoteni.

Mayai siyali tena tangu Noeli, na sikuwahi kunenepa. Wiki ijayo wananihamishia chumba cha mwisho wa korido. Hakuna aliyekwenda kule akarudi mezani. Sikukuandikia hayo kwa sababu mtu aliye mbali atafanya nini nayo.

Aliyokuambia Argia kuhusu Ivo ni kweli. Usiniandikie habari yake.

Sasa nakuuliza kama mteja, na unijibu kama mwenye hoteli. Namba sita iko wazi? Najua kifua changu ni cha aina gani, na najua kuna mtoto ndani ya nyumba. Ukisema hapana sitakulaumu. Mimi ningesema hapana.

Ersilia


Hoteli Belsito, 26 Februari

Shangazi yangu,

Nakubusu mikono, na paji la uso pia, kwa kuwa leo ni mimi ninayepokea wageni.

Namba sita iko wazi.

Barua yako niliisoma nimesimama jikoni. Nililia, kisha nikaweka maji ya kuchemsha, kwa sababu kuna kazi. Godoro nimelipiga na kulianika. Ukuta tumeupaka chokaa mpya. Sasa sikiliza masharti ya nyumba, na usinibishie, maana nimeyazungumza na daktari na nimeyafikiria kwa kichwa changu.

Pia hatapanda juu. Hata siku moja, hata ukiomba. Vyombo vyako vitachemshwa kwenye sufuria ya peke yake, mashuka yako yataoshwa peke yake. Nitakuletea chakula mwenyewe nikiwa na kitambaa mdomoni, nikitoka nitanawa hadi viwikoni, na hutakasirika ukiona nanawa. Ile bembea ya Pia nimeihamisha. Sasa iko bustanini upande wa roshani ya namba sita, kwa hiyo ukilala pale nje utamwona, naye atakuona. Ukimwita atakimbia mpaka ngazi ya kwanza, na hapo nitamkamata, hata alie, hata ulie wewe. Ninakupenda, na nitamkamata.

Kuhusu nyumba, iandikishe kwa unayemtaka. Sikuchukui kwa ajili ya nyumba. Wala sitakudanganya kwamba siitaki. Naitaka.

Wageni wangu wawili nimewaambia mezani. Nimesema: "Shangazi anarudi kufa nyumbani kwake, na ugonjwa wake ni wa kuambukiza. Mkitaka kuondoka, nitawafungia chakula cha njiani." Bibi Salvadè akamtazama mumewe. "Unasemaje, Tullio?" Akasema: "Nimelipia mwezi mzima wa supu ya Argia, siendi popote." Naye akanigeukia: "Wewe Noemi umeshatuzoesha ukweli. Sasa unatuletea kila siku, hata kabla ya kahawa." Lakini alipanda akaleta shuka zake nzuri za harusi, zenye herufi. Anasema zimekaa bure kwenye sanduku muda wote huu.

Hukutaka niandike habari ya Mjomba Ivo. Naandika hili moja tu, kisha nalifunga. Argia alinisimulia Agosti ile alipofia humu ndani, vyumba vyote vimejaa, jinsi mlivyomtoa wewe na yeye kwenye mkokoteni kwa mlango wa jikoni, na namna ulivyorudi ukafunga aproni, ukapita meza zote na birika la kahawa bila kumwaga tone. Argia alitetemeka mpaka mchana. Wewe hukutetemeka. Nadhani mkono ule haujapumzika tangu asubuhi ile, Shangazi. Ulete.

Nakuja Jumamosi. Bwana Salvadè ameshusha masanduku ya vifungo kwenye kigari chake ili ulale kiti cha nyuma. Wakitaka kukuhamishia chumba kile cha mwisho kabla sijafika, kataa. Kaa mezani. Shikilia kiti chako kwa mikono. Tumia neno la Pia.

Mlango wa mbele nimeupaka grisi, unafunguka mbawa zote mbili. Utaingilia hapo. Na siku ile nyingine utatokea hapo hapo, mchana, baada ya mimi kulitaja jina lako mezani na kusema neno lenyewe, watu wakiwa na vijiko mikononi.

Kuna kitu sikuwahi kukiona mpaka nilipokuwa nafuta ule ukuta. Wageni wote wa kudumu wana pete, hata yule aliyekuja kwa wiki mbili tu. Wewe huna. Ulikula jikoni umesimama miaka yote hiyo, hukuwahi kuwa na msumari wako. Bwana Salvadè amekuchongea kwa mti wa jozi, kwa kisu cha kukatia nyuzi, imemchukua siku tatu na kidole kimoja kimefungwa bendeji. Si kazi kama ya Mjomba Ivo. Herufi ya mwisho imepinda.

Nimeitundika kwenye msumari wa kwanza, karibu na mlango.

Noemi